Uzio wa Eda

Harufu ya mafuta machafu ya gari hainiudhi. Wengine hufunika pua fundi akipita na bidoni la vidange, yale mafuta meusi yanayomwagwa injini ikishayachosha, lakini mimi huvuta pumzi. Majuzi nimeyanunua tena gereji kwa sababu nguzo za uzio wetu zimeoza miguu, na huku ziwani mbao haina rafiki. Ukungu wa asubuhi unailowesha, jua la saa sita linaipasua, mvua ya jioni inairudia, na msumari ulioupigilia mwaka jana ukiugusa unakuachia unga mwekundu mkononi. Nimezibadilisha nguzo hizo mara nyingi mpaka siku hizi sinung'uniki tena, nafanya tu. Nilikaa juu ya jiwe, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, mgongo ukiniuma, nikaikumbuka ile wiki tulipousimamisha uzio huo kwa mara ya kwanza. Niwasimulieni, maana nimekaa nayo peke yangu muda mrefu na imeanza kuwa nzito.

Nyumbani ni upande wa Lac Vert, magharibi mwa mji wa Goma, chini ya barabara ya Sake, mahali ambapo ardhi ni jiwe jeusi la volkano na jembe halina kazi. Baba alinunua kiwanja hicho akajenga nyumba ya mbao ya vyumba viwili, na jiko pembeni, kisha akarudi barabarani. Alikuwa dereva wa lori, akileta mizigo kutoka Bunagana. Kila akirudi alishusha mbao chache za mkaratusi nyuma ya nyumba, akisema iko siku atatuzungushia lupango, ndivyo tunavyouita uzio kwetu, maana kiwanja kilikuwa wazi pande zote. Njia ya mkato kutoka ziwani ilipita kati ya jiko na mlango wetu. Kutwa nzima watu walipita na madumu yao ya maji, wakasalimia, wakauliza leo tunapika nini, na mama akawajibu wote. Ile siku ya lupango haikufika. Baba aliugua tumbo akiwa safarini, akarudishwa Goma amelala juu ya magunia ya mtu mwingine, na kabla ya mwezi kwisha tukamzika.

Sisi ni Waislamu wenye asili ya Maniema. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda, miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila wanja, bila kutoka ovyo. Bibi, mama yake baba, alikuja kutoka mtaa wa Mabanga, mjini, na kifurushi chake cha nguo ili akae na mama. Alikuwa mfupi, macho makali, tasbihi haimtoki mkononi. Kuku akimgusa pindo la nguo, alirudia udhu. Sikuwahi kumsikia akitia chumvi katika habari yoyote, na hata wanawake waliomsema pembeni walikubali kwamba akisema jambo limetokea, basi limetokea. Mimi nilimwogopa kuliko mwalimu wangu.

Hitma ya siku ya saba ilipomalizika, alibaki Baba Mkubwa Hemedi, kaka yake baba. Aliuza vitenge Mabanga, na nyumba yake ilikuwa ya matofali, yenye ukuta na geti la chuma. Alikuja na mwanaume mmoja mwenye viatu vya kung'aa ambaye alitupa pole upesi upesi, kisha akatoka nje akawa anatembea hatua ndefu ndefu kutoka pembe hii ya kiwanja hadi ile, akitazama chini. Nilidhani ni mtu wa msiba aliyezidiwa na huzuni. Nyinyi mnaonisoma mmeshaelewa alikuwa anapima nini. Mimi nilikuwa bado na pengo la meno ya mbele.

Baba Mkubwa alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji, hapa haiko pahali pa kukalia eda. Wanaume wanapita mbele ya mulango yako na madumu. Batu ya muskiti wananiuliza. Utakuja kwangu Mabanga, kuko ukuta, kuko na chumba."

"Eda inakaliwa mu nyumba ya bwana," mama alijibu kutoka ndani. "Nyumba ya bwana yangu njo hii."

"Nyumba ya bila lupango?"

"Basi nitaweka lupango."

Baba Mkubwa alicheka, wala si kwa ubaya. Alikuwa mtu mwenye uso wa kuchoka, na kicheko chake kilitoka kimechoka vilevile.

"Sawa. Ijumaa, kisha swala, nitarudi na gari. Nikikuta lupango inasimama, na jicho ya mutu haipite, utabakia. Kama hapana, mutafunga bitu byenu. Na mwanaume mwenye haiko wetu asisikie sauti yako, shemeji. Sitaki maneno."

Gari lake lilipoondoka mama alikaa juu ya kitanda akanishika mabega. Hakulia. Alisema, "Zuhura, tukitoka hapa, haturudi," kisha akaniachia nikacheze. Niwaambie ukweli, maneno hayo hayakuniingia. Mabanga kulikuwa na umeme, televisheni, na binamu wa kucheza nao kamba. Kwetu kulikuwa na ukungu na mawe yanayokata kandambili. Sikuona kwa nini mtu ahangaike hivyo kwa ajili ya vyumba viwili vya mbao.

Aliyeitwa kufanya kazi ni Papa Kambale, jirani yetu wa juu, Munande kutoka Butembo, seremala wa vitanda na milango. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, rozari shingoni, mrefu kiasi kwamba aliinama hata mahali pasipokuwa na kizingiti. Alifika na chukudu yake, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, imebeba mtaimbo, ambao yeye aliuita baramini, msumeno na bidoni la vidange. Mbao za baba zilikuwa pale nyuma ya nyumba, zimeanza kuota ukungu. Alizigonga moja moja kwa ngumi, akazitenga.

Hapo ndipo nilipopewa kazi. Mama hakutakiwa kusikika na mwanaume wa nje, Papa Kambale hakutakiwa kuzungumza naye, na lupango ilikuwa ya mama, mbao za mama, shida ya mama. Kwa hiyo mimi nikawa mdomo. Papa Kambale alisimama uwanjani, mama alikaa nyuma ya pazia la mlango, Bibi akatandika mkeka wake kizingitini katikati yao, na mimi nikawa nakwenda na kurudi. Baadaye nilipata kuuliza, nikaambiwa dini haikutaka yote hayo. Mjane anaruhusiwa kusema neno la haja. Lakini katika ukoo wetu dini ilikuwa na nyongeza zake, na nyongeza ndizo zilizoogopwa zaidi.

"Zuhura, ambia mama hivi: chini ni jiwe tupu, kuchimba haiwezekane. Nitatafuta pahali jiwe imepasuka, nitapanua na baramini, nitasimamisha nguzo mule na mawe."

Nikavuka hatua chache. "Mama, papa Kambale anasema chini ni jiwe tupu..."

"Nimesikia. Ambia papa Kambale aunguze miguu ya nguzo kwanza, kisha aitie vidange mpaka juu ya goti. Huku maji inatokaka juu, na inatokaka chini."

Nikarudi. "Papa, mama anasema..."

"Nimesikia. Ambia mama sawa."

Walisikiana vizuri kabisa, ndiyo iliyokuwa ajabu yake. Ukuta wetu wa mbao ulikuwa mwembamba hata ungeweza kumsikia Papa Kambale akijikuna ndevu. Lakini hakuna aliyemjibu mwenzake mpaka mimi nirudie, na nikienda msalani kazi ilisimama, mtu mzima na nyundo yake akingoja nifunge kaptula. Mara ya kwanza nilijiona mkubwa. Nikawa naongeza "tafadhali" hapa na pale, na mara moja nilimwambia Papa Kambale kwamba mama anamsifu kwa kuwa mrefu, Bibi akanifinya sikio. Lakini kufikia jioni miguu iliniuma na ulimi ulikuwa mzito. Ningekuwa na akili ya leo ningewaambia, wakubwa zangu, ongeeni tu, Mungu anaona mlivyochoka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Papa Kambale alipiga mtaimbo kwenye nyufa za jiwe mpaka cheche zikaruka, akasimamisha nguzo, akaibana kwa mawe, akaitikisa, akaitoa, akaanza upya. Moshi wa miguu ya nguzo iliyokuwa ikiunguzwa ulichanganyika na harufu ya vidange, na nguo zetu zote zikanuka gereji. Kisha akalaza miti ya mkingamo, mmoja juu na mmoja chini, kutoka nguzo hadi nguzo, tayari kupigiliwa mbao. Hapo wakakosana.

"Ambia mama aniachie nafasi ya vidole bibili kati ya mbao na mbao. Upepo ya ziwa haina breki. Mbao zikikamatana, itazisukuma zote mara moya."

"Ambia papa Kambale, shemeji alisema jicho ya mutu isipite. Jicho haina haja ya vidole bibili."

"Ambia mama, mi naongea juu ya upepo."

"Ambia papa Kambale, upepo haitanifungia bitu byangu mu gari. Shemeji atanifungia."

Papa Kambale alitazama ziwa, akatazama mbao, akapandisha mabega. Akazipigilia zikashikana kabisa, ubao na ubao, hata ukucha haukupenya. Alianza na upande wa ziwani, kwa kuwa ndiko njia ya mkato ilikotokea, na Jumatano mchana upande huo ulikuwa umekamilika, ukisimama mweusi na kung'aa kwa mafuta. Watu wenye madumu walizunguka kwa juu bila kunung'unika. Papa Kambale alikwenda kula kwake.

Mama akatoka. Hakuwa ameona jua tangu mazishi. Alijifunika kanga kichwani, akatoka polepole akishika ukuta, akaketi kwenye kibao karibu na jiko, akanyoosha miguu mpaka jua likaifikia. Ilikuwa imepauka na kuvimba. Nilitaka kumwonyesha nguzo ile na ile, nani aliishika na wapi cheche ziliruka, akaniambia, "Nyamaza kidogo, mama yangu." Aliniita hivyo akiwa na raha tu. Akafumba macho. Nilimtazama usoni nikaona kwamba mama alikuwa bado kijana, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Upepo uliondoka na kanga iliyoanikwa kwanza. Kisha zile mbao zikaanza kulia misumari, uzio ukajikunja kwa ndani, ukasimama hivyo kwa muda ambao mtu angeweza kukimbia kama angejua pa kukimbilia, na upande mzima ukalala chini kwa kishindo kimoja. Haukumgusa yeyote. Lakini nyuma yake walikuwa wamesimama watu na madumu yao, wanawake wawili watatu na vijana waliotoka kuvua sambaza, wote wanamtazama mama, na mama anawatazama, miguu yake iko juani. Mmoja wa wale vijana akasema, "Pole, Mama Zuhura," akainamisha macho, na wenzake wakainamisha pia. Mama aliinuka akaingia ndani akavuta pazia. Sikusikia kilio. Nilisikia kitanda tu.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, ziwa halikuonekana. Papa Kambale alisimama juu ya mbao zilizolala, nyundo imening'inia mkononi. Usiku ule hata yeye hakuwa amelala vizuri, ilionekana.

"Zuhura, ambia mama mi nimechoka. Ambia kesho ni Ijumaa. Nikizirudisha vile zilikuwa, upepo itazilalisha tena. Nikiacha nafasi, jicho itapita, na muzee Hemedi atakataa. Ambia mama aende tu Mabanga. Si kosa yake."

Nikageuka kwenda kwenye pazia. Sijui niwaelezeje. Wiki nzima nilikuwa nimebeba nguzo, misumari, nyufa za mawe, vyote vilipita mdomoni mwangu bila kuniumiza. Maneno haya yaligoma. Nilisimama kati yao, nikaanza, "Mama, papa Kambale anasema...", nikalia. Nilikuwa ndiyo kwanza naelewa kwamba watu wanaongelea nyumba yetu.

"Ambia papa Kambale..." mama alianza ndani. Pazia likasogea, nikaona vidole vyake, kisha uso.

"Papa Kambale. Ni miye naongea."

Papa Kambale alitazama chini haraka sana, kama mtu aliyemwaga kitu. Rozari yake aliikamata kwa mkono wenye mafuta.

"Angalia jiko yangu," mama alisema. "Moshi inatokaka ku kuta zote, hata machozi hainitoke. Je, weye ulishapita hapa miaka yote hii, ulishaniona nikipika mule ndani?"

"Zuhura, ambia mama..."

"Acha mutoto. Anachoka. Niambie mwenyewe."

Papa Kambale hakumtazama mama, alimtazama Bibi. Mimi pia nilimtazama Bibi. Hata mama, mkono bado kwenye pazia, alimtazama Bibi, maana pale mkekani alikaa mtu ambaye neno lake lingetosha kutupakia garini. Bibi alisukuma chembe moja ya tasbihi. Kisha, pole pole, akajigeuza juu ya makalio yake mpaka akaupa uwanja mgongo, akauelekea ukuta, na akaanza kuhesabu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Hapana," Papa Kambale alisema kwa sauti ndogo. "Sijakuonaka."

Akaenda jikoni akapapasa ukuta. Baba alikuwa amelijenga jiko lile kwa namna yake: ubao mmoja umepigiliwa kwa nje ya mti wa mkingamo, unaofuata kwa ndani, tena nje, tena ndani, kingo zao zikipitana kidogo bila kugusana. Moshi ulipinda ukatoka. Jicho haliwezi kupinda. Papa Kambale aliingiza kiganja kati ya mbao mbili, akakitoa, akakiingiza tena, akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyekasirika na nafsi yake.

"Lakini mbao hazitatosha, mama. Hii inakula mbao mingi."

"Upande wa juu kwenye kuko ukuta ya mawe ya kwako, usiweke kitu. Kama iko na tundu, pasua bidoni ya zamani uzibe, na matope ya simenti kama inabakia. Na utoe mulango ya chumba ya Zuhura. Atalala na miye."

Siku ile walifanya kazi mpaka giza likaingia, wakisema wenyewe kwa wenyewe. Mke wa Papa Kambale alishuka kuja kushika mbao, na wale wanawake wa madumu wakatua madumu yao wakashika pia, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kupigilia nje na ndani kwa pamoja. Mama alisimama mlangoni akisema hapa panua, hapa bana, pale juu pamelegea. Sauti yake ilikuwa imekauka na kila mtu aliisikia. Mimi sikuwa na kazi tena. Nililala mapajani kwa Bibi, ambaye alihesabu tasbihi yake mpaka sauti ikampotea.

Ijumaa, baada ya swala, gari la Baba Mkubwa lilisimama juu barabarani. Yule mwenye viatu vya kung'aa alikuwa ndani, hakushuka. Baba Mkubwa alishuka na kanzu nyeupe, akauzunguka uzio wote. Aliweka jicho, akasogeza kichwa huku, akakisogeza kule, akaona mbao. Akaupiga bega. Nguzo hazikutikisika. Upepo wa ziwani ulikuja ukapita kati ya mbao ukampeperushia kanzu, akaishika kwa mikono yote miwili akauangalia uzio tena kwa mashaka. Bega lake lilikuwa na doa jeusi la vidange ambalo nadhani halikutoka maisha yake yote.

Akaingia ndani ya uwanja, akachuchumaa mbele ya mkeka wa mama yake.

"Mama, lupango nimeiona. Lakini uniambie kweli. Ile fundi alikuwa hapa wiki muzima. Shemeji aliongea naye?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Wiki nzima kazi yangu ilikuwa kurudia kila neno nililosikia, na bado nilikuwa nimefungua mdomo. Nilijua jibu, na nilijua Bibi hasemi uongo.

"Aliongea naye na mudomo ya mutoto," Bibi alisema. "Vile ulisema."

"Yeye mwenyewe?"

"Hemedi, nilikuwa nimekaa hapa hapa, tasbihi mu mukono. Sauti yake haikutoka ku hii mulango."

Baba Mkubwa alinigeukia. "Zuhura, ni vile?"

"Mutoto anaenda kunileteya maji ya udhu," Bibi alisema. "Zuhura. Enda."

Nikaenda. Niliporudi na birika, Baba Mkubwa alikuwa amesimama, akigusagusa ubao mmoja. Alimwamini Bibi. Angeweza kumshuku mama, angenishuku mimi, hata imamu angemshuku, lakini hakuwa na namna ya kumshuku Bibi. Alisema tu, "Basi," akapanda kuelekea gari lake, na kwa mbali nikamwona anazungumza na yule mtu dirishani, mikono yake ikieleza jambo refu. Bibi alichukua birika akatawadha. Alitawadha mara mbili.

Tulikaa. Mama alimaliza eda yake akiota jua kila siku, uzio ukiyumba kwa upepo na kurudi, na siku ilipotimia alioga, akavaa kitenge kipya, akatoka, na nyumba ikawa bado yake. Ni yake mpaka leo. Bibi alifunga kifurushi chake akarudi Mabanga, akaishi kwa Baba Mkubwa, akila chakula chake, akiombewa dua na kupewa chai na mtoto aliyemdanganya, mpaka alipokufa. Hakuwahi kulitaja jambo lile. Nami sikuwahi kumuuliza, kwanza kwa woga, halafu kwa shughuli, halafu hakuwepo.

Kwa miaka mingi nilidhani alifanya hivyo kwa kumpenda mama. Lakini nikikumbuka vizuri, hawakupatana sana. Waligombana juu ya chumvi, juu ya sabuni, juu ya namna ya kunisuka nywele. Jibu nilipewa majuzi, nikiwa pale kwenye jiwe na mikono yangu myeusi. Mama, ambaye sasa ndiye mzee wa nyumba, aliniletea chai, akaketi, na kwa sauti ya kawaida kabisa akaniambia jambo alilodhani nalijua siku zote.

Bibi alifiwa akiwa kijana, huko Kasongo. Shemeji zake walimchukua kwa heshima wakampeleka kukaa eda kwao, maana kwao kulikuwa na ua mzuri. Siku ilipotimia alioga, akavaa nguo mpya, akarudi kwake kwa miguu. Akakuta mwanamke asiyemjua anafagia uwanja. Yule mwanamke alimkaribisha vizuri, akamuuliza anamtafuta nani. Bibi aligeuka, na hiyo ndiyo safari iliyowafikisha Goma. Baba yangu alikuwa mgongoni, bado ananyonya, hakukumbuka kitu. Mkubwa wake alitembea kwa miguu yake, ameshikwa mkono, na yeye alikuwa ameshafikia umri wa kukumbuka. Huyo ndiye Hemedi.